Meno ya Konokono: Kweli na Si Kweli kuhusu Wawindaji wa Baharini, kwa Msomaji wa Murusagamba

Kutoka Murusagamba hadi Bahari ya Hindi, ukipima kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita elfu moja. Hata mito mikubwa ya Ngara haituunganishi nayo: Ruvubu na Kagera hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, humwaga maji yake Ziwa Victoria, yakaingia Nile, yakaishia Mediterania. Kwa hiyo mwanafunzi wa Ngara au Biharamulo akifungua kitabu cha baiolojia na kukuta konokono, humfikiria yule wa shambani, anayetambaa kwenye maharage usiku wa mvua. Hakosei, ila huyo ni mmoja tu katika ukoo mkubwa. Katika ukoo huo wamo wawindaji halisi: wanaonusa mawindo kwa mbali, wanaotoboa magamba ya wengine, wanaochoma kwa jino lenye sumu. Na magamba yao yalipanda bara zamani sana, kabla ya barabara ya lami na kabla ya ramani.

Zifuatazo ni kauli kuhusu wanyama hawa. Baadhi ni dhana ya mtu yeyote aliyekulia mbali na pwani, na mojawapo iliwahi kutetewa na mwanasayansi hodari. Kila moja nimeitolea hukumu yake.

Kauli: Konokono ni mla majani.

Si kweli. Mla majani ni yule wa shambani, na hata huyo ana chombo kilekile alicho nacho mwindaji wa baharini. Chombo hicho huitwa radula. Ni utepe mwembamba uliomo kinywani, umejaa safu za meno madogo sana ya kaitini. Meno ya mbele yakichakaa, mapya husogea kutoka nyuma, na kazi hiyo haikomi maisha yote ya mnyama. Mla majani huutumia utepe huo kukwangua. Mwindaji ameurithi utepe uleule. Kilichobadilika ni umbo la meno, idadi yake na namna anavyoyatumia.

Mpasue mwindaji utaona mengine. Kinywa chake kiko kwenye ncha ya mkonga unaorefuka nje akila na kurudi ndani akimaliza, hata anaweza kumfikia chaza ndani kabisa ya gamba lake. Nyama laini inayojenga gamba imejikunja upande wa mbele ikawa mrija, yaani sifoni. Kupitia mrija huo anavuta maji na kuyapitisha kwenye kiungo cha kunusia kilicho karibu na matamvua yake. Anatambaa huku akiuelekeza mrija kulia na kushoto, apate kujua harufu inatoka wapi. Macho anayo, lakini hayampi mengi. Dunia yake ni ya harufu.

Na vyakula vyake ni vya aina nyingi kuliko wengi wetu tunavyodhani: minyoo ya mchangani, chaza, urchini wenye miiba, kiti cha pweza, konokono wenzake, samaki. Wapo wa jenasi Colubraria ambao humfuata samaki aliyelala usiku kwenye matumbawe, humwingiza mkonga mwembamba, humnyonya damu, kisha huondoka.

Kauli: Gamba lenye mfereji chini ya mlango wake ni la mwindaji.

Nusu kweli. Mfereji huo ndio njia ya sifoni, na wawindaji wengi wanao. Lakini tondo wa kwenye mikoko, ambaye akikua hula majani ya mikoko yaliyoanguka, naye ana mkato hapo. Kwa upande mwingine, konokono wa familia ya Naticidae ana mlango wa mviringo usio na mfereji, na ni mmoja wa wauaji wakubwa wa chaza. Gamba ni ushahidi, ila ushahidi wake haujitoshelezi. Jambo hilo litajirudia hapa chini, kwa sababu limewahi kumpotosha mtu aliyejua kupasua konokono kuliko wengi.

Kauli: Simbi zilizokuwa fedha huku Kagera zilitokana na konokono mwindaji.

Si kweli. Simbi za fedha ni za spishi mbili ndogo, Monetaria moneta na Monetaria annulus, na zote mbili hukwangua mwani juu ya mawe. Hizi za pili zilikuwa tele kwenye pwani yetu, hata makampuni ya Hamburg yakaanza katika miaka ya 1840 kuzipakia melini kwa shehena kutoka Zanzibar kwenda kuziuza Afrika Magharibi. Nyingine zilipanda bara na misafara, na Karagwe, Buhaya na Buganda zikatumika kununulia na kuuzia. Ile kauri kubwa yenye madoa, dondo, ambayo mafundi cherehani walilainishia mishono, ni ya ukoo huohuo. Baadhi ya ndugu zake hula sponji, ambaye kwa sayansi ni mnyama. Lakini sponji hakimbii wala hapigani, nami siwezi kuuita ulaji huo uwindaji.

Kauli: Sahani nyeupe waliyoivaa watemi ilikuwa ya pembe ya ndovu.

Si kweli, na hapa ndipo mwindaji wa baharini alipoingia ikulu za bara. Sahani hiyo ilikatwa kutoka kichwani mwa gamba la konokono wa jenasi Conus. Unyamwezi ilikuwa alama ya utemi. Kwenye makaburi ya Ingombe Ilede, Zambia, yaliyofukuliwa mwaka 1960, magamba ya Conus yalikutwa pamoja na dhahabu na shaba, kwa watu waliozikwa karne nyingi zilizopita. David Livingstone, alipokuwa kwa chifu Shinte mwaka 1854, alivishwa shingoni kipande cha aina hiyo, na akaandika kwamba viwili vilitosha kumnunua mtumwa na vitano vilikuwa bei nzuri ya pembe ya ndovu yenye thamani ya pauni kumi. Inaumiza kuyasoma maneno hayo, lakini yanaonyesha thamani ya kipande cha gamba kilichosafiri mbali na maji ya chumvi. Baadaye viwanda vya Ulaya vilileta sahani za kuiga, za kauri ya vyombo.

Kwa nini ikatwe kichwani? Jibu limo katika maumbile ya mnyama. Conus anapokua hujizungushia gamba tabaka juu ya tabaka, na akishajizungushia, huyeyusha kuta za ndani mpaka zinakuwa nyembamba sana, apate nafasi ya mwili. Ukuta wa nje na kichwa cha gamba hubaki vinene. Fundi aliyekata hapo alipata kipande kizito kinachong'aa, chenye mzunguko unaoonekana upande mmoja. Spishi zilizofaa zaidi ni zile kubwa zenye kichwa bapa, kama Conus leopardus na Conus litteratus. Hao hula minyoo na viumbe wanaofanana na minyoo, wala si wale wa kuogopwa sana.

Vitu vilivyotoka pwani vilithaminiwa hata huku kwetu. Wageni waliofika Usui, nchi iliyokuwa katika maeneo ya Biharamulo na Ngara ya leo, walitakiwa kulipa hongo kwa nguo, shanga na nyaya. Hayo ndiyo yaliyomkuta msafiri John Hanning Speke kwa mtawala Suwarora mwaka 1861. Namtaja Speke hapa kwa sababu nyingine pia: miaka mitatu kabla ya kupita huku, alikuwa ameokota magamba ya konokono kwenye fukwe za Ziwa Tanganyika, na magamba hayo yalizua mgogoro ambao nitaufikia.

Kauli: Kombe lenye tundu dogo la mviringo lilitobolewa na fundi wa shanga.

Mara nyingi si kweli. Okota makombe matupu kwenye ufuo wowote kuanzia Tanga hadi Mtwara, utakuta mengi yana tundu moja safi, kama limetobolewa kwa keekee. Aliyetoboa ni konokono. Wa familia ya Naticidae hujizika mchangani, humkumbatia chaza kwa mguu wake mpana, kisha hutoboa kwa zamu: kiungo maalumu hutoa majimaji ya kulainisha gamba, radula hukwangua kilicholainika, kiungo kinarudi tena. Kazi inaweza kuchukua saa nyingi. Gamba likitoboka, mkonga unaingia na chaza analiwa humohumo nyumbani kwake.

Familia ya Muricidae nao hutoboa, lakini kiungo chao cha kulainisha kiko kwenye mguu, ilhali cha Naticidae kiko kwenye mkonga. Hata tundu hutofautiana: la Naticidae kwa kawaida ni pana juu na jembamba chini, la Muricidae huelekea kunyooka. Mtu mwenye jicho zuri anaweza kuokota kombe na kumtaja muuaji bila kumwona.

Kauli: Silaha ya konokono ni meno, hana nyingine.

Si kweli. Katikati ya karne ya 19 Mjerumani Franz Hermann Troschel, akiwa Messina, alishuhudia konokono mkubwa wa jenasi Tonna akitema majimaji, na yalipodondokea sakafu ya marumaru yakatoa povu. Yalipopimwa yalikutwa na asidi ya salfa. Tonna na jamaa zake hutumia mate hayo makali dhidi ya wanyama wenye mifupa ya chokaa ngozini. Jamaa zake ni pamoja na Cypraecassis rufa, mla urchini, ambaye gamba lake jekundu lilisafirishwa kutoka Afrika Mashariki hadi Torre del Greco, Italia, kuchongewa vito. Yumo pia Charonia tritonis, yule mkubwa ambaye gamba lake hupulizwa kama baragumu, na ambaye ni mmoja wa wanyama wachache wanaomla kiti cha pweza mwenye miiba anayeharibu matumbawe. Kila gamba la Charonia linalouzwa kwa mtalii lilikuwa mlinzi wa mwamba. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa sababu mwamba ukifa samaki nao huondoka.

Troschel huyohuyo alianza kuchapisha mwaka 1856 kitabu kikubwa kuhusu meno ya konokono, kazi iliyokamilishwa baada yake. Kuanzia hapo wataalamu walipata njia ya kuwapanga wanyama hawa kwa kutazama ndani. Simbi, Tonna na Naticidae wana meno saba katika kila safu. Wengi katika kundi kubwa la wawindaji, Neogastropoda, wana matatu au pungufu. Conus hana safu tena: ana jino mojamoja.

Kauli: Konokono hawezi kumuua mtu.

Si kweli. Anaweza, na ameshaua.

Conus ana umbo la pia ya watoto iliyogeuzwa, na magamba ya baadhi yao yana michoro mizuri mno. Spishi zake ni mamia mengi, zinakaribia elfu moja. Wengi wao hula minyoo, kundi la pili hula konokono wenzao, na kundi dogo la tatu hula samaki. Jambo hili la samaki lilikuwa gumu kuaminika. Mmarekani Alan Kohn ndiye aliyelithibitisha kwa uchunguzi alioufanya Hawaii na kuuchapisha mwaka 1956. Mtu anaweza kuuliza, na ana haki: mwenda polepole kiasi hicho anamkamataje samaki?

Hamfukuzi. Ndani ya mwili wake kuna mrija mrefu uliojikunja unaotengeneza sumu, na mwishoni mwake kifuko cha misuli kinachoisukuma. Pembeni kuna mfuko wa meno. Kila jino ni kipande cha kaitini kilichoviringishwa kikawa mrija mwembamba, chenye ncha kali, na kwa wala samaki kina vijino vya kunasa. Jino moja huchukuliwa kutoka mfukoni, hupelekwa hadi ncha ya mkonga, na sumu hupita katikati yake. Konokono huunyoosha mkonga taratibu hadi karibu na samaki, kisha huchoma kwa kasi isiyoonekana kwa macho. Conus striatus, anayepatikana pwani yetu, hulishikilia jino hilo na kumvuta samaki kinywani. Jino likishatumika halirudi mfukoni, linatayarishwa jingine.

Conus geographus, naye wa maji yetu, ana njia tofauti. Huwinda usiku, hupanua mdomo wa uongo kama wavu wa kuwagubika samaki wadogo wakiwa wamejificha kwenye matumbawe. Utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulionyesha kwamba katika sumu yake kuna insulini, na insulini hiyo inafanana zaidi na ya samaki kuliko ya konokono. Sukari ya samaki inashuka, nguvu zinamwishia, anaingia wavuni bila kupambana. Sijui mfano mwingine wa uwindaji ulio wa ajabu kuliko huu.

Sumu yenyewe ni mchanganyiko wa protini fupifupi nyingi. Nyingine huziba njia za neva za maumivu, nyingine hukata mawasiliano kati ya neva na misuli. Ndiyo maana mtu aliyechomwa na geographus huenda asisikie maumivu makali mwanzoni, kisha akapata ganzi, macho yakaona ukungu, na misuli ya kupumua ikaacha kufanya kazi. Hakuna dawa ya kuipinga sumu hiyo. Kinachookoa maisha ni kumsaidia mtu kupumua mpaka mwili uimalize sumu wenyewe.

Kauli: Ukimshika Conus upande wa nyuma, mnene, uko salama.

Si kweli, na kauli hii ni ya hatari. Mkonga hurefuka na kupinda, na unaweza kufika karibu sehemu yoyote ya gamba. Anayemtia Conus hai mfukoni au mkononi anajitia hatarini, hata kama ameshika upande gani. Mtu wa Ngara anayekwenda Dar es Salaam au Unguja kwa mara ya kwanza, akatembea kwenye maji ya kupwa, ajue hilo: gamba zuri lenye umbo la pia liache lilipo. Likiwa hai au limekufa, huwezi kujua kwa haraka, kwa kuwa mwenyewe huweza kujivuta ndani kabisa. Mtu akichomwa, asikatwe wala kunyonywa jeraha. Atulizwe, kiungo kilichochomwa kifungwe bendeji imara bila kuzuia damu kabisa, kisitikiswe, na apelekwe hospitali mara moja.

Kauli: Kila Conus huua.

Si kweli. Vifo vilivyoandikwa duniani kote ni dazeni chache tu, na karibu vyote ni vya geographus. Wala minyoo wengi huchoma kama nyuki.

Kauli: Sumu ya konokono imezaa dawa ya hospitali.

Kweli. Baldomero Olivera, mwanasayansi Mfilipino, alianza kuichunguza sumu ya Conus nchini kwao, kisha akaiendeleza kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Katika maabara yake kijana aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia chuoni, Michael McIntosh, alitenga kutoka kwa Conus magus kijenzi kimoja kinachofunga njia za kalisi katika neva. Kijenzi hicho kilitengenezwa kwa njia ya kikemia kikawa dawa iitwayo zikonotaidi, na Desemba 2004 Marekani iliiruhusu itumike kwa wagonjwa wenye maumivu makali yasiyosikia dawa nyingine. Haimezwi wala haidungwi mkononi. Huingizwa taratibu kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo. Haimfanyi mgonjwa awe mtumwa wake kama mofini inavyoweza kufanya, ingawa ina madhara yake kichwani, na madaktari huitoa kwa uangalifu mkubwa. Ile insulini ya geographus nayo inachunguzwa, kwa kuwa hufanya kazi upesi kuliko ya binadamu.

Kauli: Konokono wa Ziwa Tanganyika ni mabaki ya bahari iliyofika bara.

Si kweli, lakini ni uongo uliozaliwa kwa akili nyingi, na unastahili kusimuliwa.

Magamba aliyookota Speke mwaka 1858 yalifikishwa Uingereza, na mtaalamu S. P. Woodward akayaeleza mwaka 1859. Mara moja watu walishangaa: manene, yenye mbavu na mapambo, hayafanani na magamba membamba ya maji baridi. Kisha Edward Coode Hore, baharia aliyekuwa mmisionari Ujiji, akapeleka mengine. Moja lilipewa jina lake mwaka 1880: Tiphobia horei. Lina miiba mirefu pande zote. Ukiliweka kando ya gamba la Murex, mwindaji wa baharini wa familia ya Muricidae, utadhani ni ndugu.

Mwanasayansi hodari niliyemdokeza mwanzoni, J. E. S. Moore, alikwenda Tanganyika mara mbili, safari ya kwanza mwaka 1895 na ya pili mwaka 1899. Aliwapasua konokono hao, akachora neva na viungo vyao, akalinganisha magamba yao na visukuku vya bahari ya enzi ya Jurasiki. Mwaka 1903 alitoa kitabu, The Tanganyika Problem, akisema kwamba bahari iliwahi kufika katikati ya Afrika, ikajifunga, na wanyama wake wakabaki ziwani. Kwenye ziwa hilo kuna hata yavuyavu, mnyama anayefahamika zaidi baharini, ingawa huyu ni mdogo wa maji baridi, jambo lililoonekana kumuunga mkono Moore. Moore hakuwa mtu wa kubahatisha. Miaka miwili baadaye, yeye na J. B. Farmer ndio waliotoa jina ambalo kila mwanafunzi wa sekondari hulikuta leo akisoma jinsi seli zinavyogawanyika kuunda mbegu za uzazi, meiosisi.

Lakini alikosea. Msafara wa William Cunnington wa mwaka 1904 na 1905 ulikusanya wanyama wengi zaidi wa ziwa, na ushahidi ukaelekea upande mwingine: viumbe hao walikuwa wa maji baridi waliobadilikia papo hapo. Ziwa lenyewe linakadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12, ilhali Jurasiki ilikwisha zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Vinasaba vimemaliza ubishi: Tiphobia na wenzake ni wa familia ya Paludomidae, wana ndugu katika mito ya Afrika, nao si wawindaji. Hula mwani na mabaki ya viumbe yaliyotulia chini ya maji.

Miiba na unene vilitoka wapi basi? Kwa jenasi kama Lavigeria, jibu kubwa ni kaa. Ziwa lina kaa wake, jenasi Platythelphusa, wenye magando ya kuvunja magamba, na watafiti waliowaweka kaa na konokono pamoja waliona magamba manene yakinusurika. Baharini Murex anakabiliwa na kaa na samaki wavunjaji vilevile. Adui wa aina moja amefinyanga magamba ya aina moja katika maji mawili tofauti. Kutoka Murusagamba ziwa hilo liko karibu zaidi kuliko bahari, na anayesafiri kwenda Kigoma anaweza kuokota ushahidi wa kisa hiki ufukweni.

Kauli: Uainishaji wa konokono ulikwisha zamani.

Si kweli. Linnaeus mwaka 1758 aliwapanga kwa magamba, na majina yake Conus na Murex tunayo bado. Karne ya 20 vitabu viligawa konokono wote katika mafungu matatu kwa jinsi wanavyopumua, na fungu la Prosobranchia lilifundishwa vizazi kadhaa. Leo halimo tena. Wataalamu Philippe Bouchet na Jean-Pierre Rocroi waliliacha katika mpangilio wao wa mwaka 2005, kwa kuwa halikuwa ukoo mmoja. Kwa Conus peke yake, mwaka 2009 wataalamu wawili waliwagawa walio hai katika familia tatu na jenasi 82. Mwaka 2014 kundi jingine, likitumia vinasaba, likawarudisha kwenye familia moja yenye jenasi nne, wengi wao wakiwa Conus. Mwalimu akikuta vitabu viwili vinapingana asidhani kimoja ni cha kizembe.

Kauli: Konokono anayeleta kichocho huuma watu majini.

Si kweli. Biomphalaria wa kwenye mabwawa na maji yaliyotulia hana sumu wala hamgusi mtu. Vijidudu hutoka mwilini mwake, huogelea na kupenya ngozi wenyewe.

Kauli: Huku bara hakuna konokono mla nyama.

Si kweli. Familia ya Streptaxidae ni wawindaji wa nchi kavu, na Afrika Mashariki ni moja ya makao yake makubwa duniani. Wengi ni wadogo, milimita chache tu. Jenasi Gulella ina magamba meupe au yanayopenyesha mwanga, marefu kidogo, na mlango wake umezungukwa na vijino vya gamba vinavyouziba karibu wote. Wanaishi chini ya majani yaliyooza na magogo, na huwinda konokono wengine, konokono wasio na gamba na minyoo ya ardhini. Hawana taya, ila meno ya radula yao ni marefu na yamechongoka. Anayetaka kuwatafuta Ngara achukue ungo, apepete majani makavu ya msituni, atazame kilichobaki kwa kioo cha kukuzia.

Sifa yao iliwahi kufika mbali. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, Achatina fulica, alipoenea visiwa vya Pasifiki na kuharibu mashamba, Marekani ilimpeleka mla nyama kutoka Kenya, Gonaxis kibweziensis, mwenye jina la Kibwezi, akaachiwa kisiwa cha Aguijan mwaka 1950, kisha Hawaii. Achatina hakuisha. Baadaye Polinesia ililetewa mwindaji mwingine kutoka Florida, Euglandina rosea, na huko Moorea aliwamaliza konokono wa asili wa jenasi Partula porini ndani ya miaka kumi, toka 1977 hadi 1987.

Gulella akimla konokono mdogo wa shambani, anamla nduguye wa karibu: wote wawili hupumua kwa pafu na wamo katika kundi moja la konokono wa nchi kavu. Conus ni wa mbali kwake kuliko hata mlo wake. Tabia ya kula nyama ilizuka baharini na ikazuka tena nchi kavu, kila upande kwa njia yake, kwa utepe uleule wa meno.